Barua kwa Mwanangu: Muhuri wa Kuku

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Kifurushi chako cha vifaa vya kutengenezea kadi na vitabu vyetu vya picha kimefika tangu Alhamisi. Dereva wa basi alikitunza, ila kona moja ya boksi ililowa, nadhani ni pale mpakani Kasumbalesa walipopakua mizigo kwenye mvua. Karatasi nene ni nzima. Makasi yenye meno ya mamba ni mazima, na tayari yameleta ugomvi, nitakueleza. Wino wa rangi tatu, hakuna uliovuja. Asante sana, mama. Mungu ajaze pale ulipopunguza.

Mihuri ndiyo imetuchekesha. Kati ya ile 12, saba ni ya theluji: nyumba yenye theluji juu ya paa, msonobari wenye theluji, kulungu wanaovuta gari lisilo na magurudumu, na yule mtu mnene mweupe mwenye pua ya karoti. Najua si kosa lako, ndiyo inayouzwa madukani huko, hata kama Johannesburg yenyewe theluji huiona kwa nadra. Mke wa mchungaji aliutazama muhuri wa yule mtu mnene kwa muda mrefu, akauliza kama ni mgonjwa. Fundi wetu wa cherehani, ambaye hakosi jibu, akasema ile nyumba inafaa, tuipake paa rangi ya kutu iwe ya hapa mtaa wa Katuba. Matone ya theluji tuliyapanga kuzunguka picha ya ubatizo wa mjukuu wa jirani, uliofanyika Oktoba katika lile joto unalolijua, tukaandika chini: "Siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe." Haikunyesha. Mtoto akikua ataamini hivyo, shauri yake.

Sasa nije kwenye ile karatasi uliyoiweka ndani ya boksi. Unasema kadi zetu ni nzuri, huko watu wanalipa vizuri kwa kadi za mkono, tuanze biashara na wewe ututafutie wateja. Na unanitajia yule mama wa Utah, Marekani, Marielen Christensen, aliyepeleka vitabu vyake vya picha hamsini hivi kwenye mkutano wa kumbukumbu za familia Salt Lake City mwaka 1980, watu wakavishangaa, na mwaka uliofuata duka likafunguliwa. Nimesoma yote mara mbili. Jibu langu ni hapana. Lakini wewe hukulelewa kwa kukatazwa bila kuelezwa, kwa hiyo kaa chini unisikilize.

Unakumbuka kazi niliyofanya. Miaka 26 nilikaa nyuma ya dirisha la ofisi moja, sitaitaja, nikigonga mihuri. Kashe, kama tunavyosema hapa kwetu. Karatasi bila kashe ni ya kufungia karanga. Nilikuwa na kashe ya mviringo, kashe ya tarehe, kashe ya kuthibitisha nakala. Saa mbili asubuhi foleni imeshafika barabarani. Mama ana mtoto mgongoni, anataka cheti cha kuzaliwa. Mzee anataka karatasi ya kuonyesha kwamba bado yuko hai ili apate pensheni yake. Anasimama mbele yangu anakohoa, anapumua, ananisalimia, lakini mpaka nigonge bado hajawa hai. Na kila kashe ilikuwa na bei yake, ile iliyoandikwa ukutani na ile ambayo haikuandikwa. Mimi sikuwa mtakatifu. Viatu vyako vya shule vya mwaka wa tano vilinunuliwa kwa ile ambayo haikuandikwa, basi usijifanye umeshangaa.

Nilipostaafu, mkono wa kulia haukustaafu. Nikimaliza chai naweka kikombe mezani, tap! Baba yako anaitikia kutoka chumbani: "Mwingine!"

Halafu baba yako akatutoka. Wewe ulifika asubuhi ya mazishi, hukuona usiku uliotangulia. Tulitafuta picha ya kuweka juu ya meza ya matanga. Picha yake nzuri, ile ya suti ya kahawia, ilikuwa ndani ya albamu kubwa ya maua, yenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunikia. Unaijua, miaka ile ya 80 hakuna sebule iliyokosa moja. Kumbe gundi ile ni sumu ya picha. Kurasa zimekuwa za manjano kama meno ya mvuta sigara, na picha imeshikana na ukurasa kama imezaliwa pale. Yaya yako, yaani nduguyo mkubwa, akavuta. Mkono wa kushoto wa baba yako ukabaki kwenye albamu. Tulimzika ana mikono miwili, lakini pale mezani, mbele ya ukoo mzima, alikuwa na mmoja. Lile ua la plastiki uliloniambia limekaa vibaya, ndilo lililokuwa linaficha kona ile.

Matanga yalipokwisha, muuguzi mstaafu wa ng'ambo ya barabara, yule aliyekuchoma sindano zote za utoto, alikuja na uzi mwembamba wa kusafishia meno. Anaupitisha chini ya picha, anauvuta kushoto, kulia, kushoto, polepole kama anakata mti kwa msumeno, na picha inanyanyuka yenyewe. Mpaka saa nne za usiku tulikuwa tumeokoa picha 61. Zikajaa meza nzima. Nikamuuliza, sasa tuziweke wapi? Ndivyo mambo haya yalivyoanza. Urembo ulikuja baadaye.

Leo tuko watano. Tunakutana Jumamosi saa tisa, salongo, ile kazi ya usafi wa mtaa, imeshapita na kila mtu ameshaoga, chini ya muembe kiangazi, sebuleni wakati wa mvua. Fundi wa cherehani analeta vipande vya kikwembe, yaani kitenge, vilivyobaki chini ya mashine yake, na usidhani ni takataka. Hiki ni cha sare ya harusi ya fulani, kile ni cha matanga ya fulani, anavijua vyote kwa majina. Picha ya harusi ikibandikwa pembeni na kipande cha kitambaa kilekile walichovaa mashangazi pichani, unakigusa kwa kidole, unarudi kwenye harusi. Muuguzi ana mkono usiotetemeka, yeye ndiye wa kukata. Mke wa mchungaji hana anachojua kufanya ila kuongea, lakini asipokuja tunafunga mapema. Na yupo kijana mmoja wa mtaani, mvulana peke yake kati yetu, anayetoa picha kwenye simu zetu na kwenda kuzichapisha mjini. Wenzake wanamtania. Yeye anasema kwetu kuna karanga na viazi vitamu vya moto, kwao kuna nini?

Vitabu vyetu tunaviita ukumbusho. Jina hilo hatukulitunga. Zile picha za kuchorwa zilizokuwa zikitembezwa nyumba kwa nyumba nilipokuwa msichana, watu wa Lubumbashi waliziita hivyo, na kambo yako, mzazi wangu, alikuwa nayo moja ya mamba muntu sebuleni, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambayo niliiogopa mpaka nilipoolewa. Tena mji wetu umeshazoea watu wa kukata na kupanga. Sammy Baloji, mtoto wa hapahapa aliyezaliwa 1978, alichukua picha za wafanyakazi wa migodi wa enzi za Wabelgiji akazipandikiza juu ya picha za viwanda vilivyochakaa, dunia nzima ikaja kutazama. Fundi aliposikia hivyo akasema basi na yeye ni msanii, ila bado hajaitwa Ulaya.

Picha hatuzigandishi tena. Tunatengeneza pembe. Unakata kipande cha karatasi chembamba, kama upana wa vidole viwili, unakunja ncha zote mbili kuelekea chini zikutane katikati, unapata umbo la paa la nyumba. Unavalisha kona ya picha kama kofia. Gundi inapakwa mgongoni mwa kofia, picha yenyewe haiguswi. Kofia nne kwa kila picha, na siku ukiitaka unaichomoa bila kumkata mtu mkono. Gundi yetu ya kwanza ilikuwa uji wa unga wa muhogo, maana ilikuwa bure. Mende walifurahi sana. Walikula kurasa tatu na sikio la shangazi yako. Sasa tunanunua ya kijiti. Gazeti nalo haliingii kitabuni lenyewe, tunalitoa fotokopi kwanza; karatasi yake inageuka ya manjano na kuzichoma picha za jirani. Kijana wetu alitusomea kwenye simu kwamba hata Mark Twain, yule mwandishi Mmarekani, mwaka 1873 aliandikisha serikalini uvumbuzi wa kitabu chenye gundi tayari kwenye kurasa, unailowesha kidogo tu na kubandika. Mimi kusikia kurasa zenye gundi tayari, nilishika kichwa.

Na mihuri tunachonga wenyewe, ndiyo maana hii yako ya dukani tumeipokea kama wageni. Kifutio kikubwa cheupe cha shule ndicho bora. Shambrere ya tairi, yaani mpira wa ndani, ni nyembamba, lazima uibandike juu ya kibao. Soli ya kandambili inakunywa wino mpaka inalewa. Tunatumia wembe, na kwa mistari midogo sindano ya muuguzi. Mimi wa kwanza kuchonga nilitaka neno KARIBU la kuweka ukurasa wa mbele. Siku mbili nimeinama. Nikapaka wino, nikagonga mbele ya wote, ikatoka UBIRAK, na herufi zenyewe zimegeuka kisogo. Mke wa mchungaji akauliza ni Kiarabu? Mwanangu, miaka 26 nilishika kashe mkononi, uso wake umegeuzwa, kila siku ya Mungu, na sikuwahi kuutazama. Dawa yake ni rahisi: unaandika kwa penseli laini kwenye karatasi, unailaza kifudifudi juu ya mpira, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Maandishi yanaingia kwenye mpira yamegeuka, na kwenye ukurasa yanatoka sawasawa.

Jambo jingine nililofundishwa uzeeni ni kutogonga. "Wewe unapiga kama unatoza faini," fundi aliniambia. Muhuri mkubwa hauchovywi kwenye tampo, kile kisahani cha wino. Tampo ndiyo inayoguswaguswa juu ya muhuri mpaka wino ukae sawa. Kisha unaweka muhuri, unabonyeza kwa kiganja, hesabu moja mpaka tatu, unanyanyua wima bila kuyumba. Ilinichukua Jumamosi nne. Na wino wa zambarau wa ofisi, ule niliodhani ndio wino pekee duniani, tuliuacha tangu paa la sebule lilipovuja: tone moja la maji na ndege wote wa ukurasa wakayeyuka wakatembea mpaka chini.

Huyo kijana alitusomea pia habari za mpira wenyewe. Kwamba zamani haukufaa kitu, joto likizidi unanata, baridi ikizidi unapasuka, mpaka Mmarekani Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kuupika pamoja na salfa. Baada ya hapo ndipo mihuri ya mpira ikawezekana, na tairi, na mengine yote, na wazungu wakautaka mpira kuliko dhahabu. Kijana akaendelea kusoma, akafika kwa Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, aliyeimiliki nchi hii kuanzia 1885 mpaka 1908, na wanakijiji waliopelekwa msituni kukamua utomvu wa mpira, na mikono iliyokatwa. Akaacha kusoma. Muuguzi alikuwa ameshika kifutio chake na wembe. Alikitazama kidogo, akaendelea kuchonga, na hakuna aliyeongea mpaka chai ilipoletwa.

Kuku sasa. Muhuri wangu wa pili, uliofanikiwa, ni kuku. Ana mkia mkubwa kupita kiasi kwa sababu wembe uliteleza. Nimemweka kwenye ukurasa wa baba yako, na wewe ulipouona kwenye simu uliuliza kuku anatafuta nini kwa mtu wa suti. Tazama vizuri pembeni: kuna noti. Ni noti ya zaire milioni 5, pesa yetu ya wakati ule, ya mwaka 1992, Rais Mobutu na kofia yake ya chui. Nimeipata kwenye Biblia ya baba yako. Pasaka ya 1993 alitoka na noti hiyo kwenda soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kununua kuku, amevaa vizuri, wewe na yaya yako mkamsindikiza mpaka kona. Milioni tano mfukoni! Muuzaji akamwambia inatosha nusu kuku, na nusu kuku haiuzwi. Akarudi na lengalenga, yaani mchicha, na ndagala kidogo alivyonunua kwa noti ndogondogo. Tulikula bukari yetu, yaani ugali, kimya. Baadaye akacheka, akasema hii siitumii tena, naiweka watoto waone baba yao alivyokuwa milionea. Oktoba mwaka huohuo wakaleta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, kwa hiyo utajiri wake wote ukawa haufiki hata mbili. Mwaka 1998 ikaja faranga na hata hizo zikafutika. Noti imebaki. Nimeivalisha kofia zake nne, na pembeni nimembonyeza kuku mzima. Miaka yote hii baadaye, kuku wake amefika.

Nani atanilipa kwa ukurasa huo, na kiasi gani?

Usidhani hatujajaribu. Kabla ya Krismasi iliyopita bwana mmoja aliona kadi aliyopewa dada yake, akaagiza kadi 40 za harusi, alipe nusu mbele. Fundi alishapiga hesabu ya cherehani mpya. Tukaanza. Kadi ya kwanza mpaka ya tano tulikuwa tunaongea. Ya sita bwana akapiga simu, anataka kiberiti cha jina la bibi harusi kikae kulia... samahani, nimeandika kiberiti, nilitaka kuandika kibandiko, umeme umekatika na naandika kwa mshumaa. Anataka kibandiko kikae kulia. Ya 12 akapiga tena. Jumamosi ile karanga zilibaki kwenye sahani. Nikajisikia mkono: tap, tap, tap. Nilikuwa nagonga. Nikainua kichwa na, nakuapia, nusura niseme "Anayefuata!" Tulizimaliza kwa sababu tulikula pesa yake, na tangu hapo tumekubaliana: kadi inatolewa, haiuzwi. Mjini kwetu kila mtu anaishi kwa artikili 15, yaani jitafutie mwenyewe. Mwenye friji anauza barafu, mwenye sauti anaimba kwenye matanga, mwenye uzio anauza kivuli chake. Sisemi ni vibaya, na ukituma pesa nitapokea kwa mikono miwili. Ila mihuri ya bei nimeshaigonga ya kutosha. Huu wa kuku niachie.

Nilikuahidi habari za ugomvi. Jana mke wa mchungaji alikamata makasi yako ya meno ya mamba, akayapenda, akakata kingo za kila kilichokuwa mbele yake, akapitia na picha ya mama wa muuguzi, ile ya pekee, iliyopigwa Jadotville kabla haijaitwa Likasi. Sasa ina meno pande zote kama biskuti. Muuguzi hakusema neno, alichukua mkoba wake, hata chai hakungoja. Leo kanisani walikaa mabenchi ya mbalimbali na mchungaji akahubiri habari za msamaha huku anamtazama mkewe. Nimeshamtuma kijana aitoe fotokopi nzuri na kuikatia kingo zilizonyooka. Watapatana, maana muuguzi ameacha kwangu kitabu chake na miwani yake, na hasomi bila miwani. Sheria mpya: makasi yako hayagusi kitu ambacho si nakala.

Mwezi wa saba ukija, tiketi ya basi usiitupe, hata ikichanwa kona. Na ile pasipoti yako ya zamani iliyokwisha muda, niletee. Nataka kuona kashe za mipaka yote uliyopita, nione walibonyeza au waligonga. Ukurasa wako uko baada ya ule wa baba yako. Kofia nne ziko tayari, katikati hamna kitu.

Na ukipita tena kwenye duka lile, uliza kama wana muhuri wa embe. Theluji inatosha.

Mama yako